Jinsi Nilivyozifungia Kabatini Barua za Finland

Wanangu mnaosomea ualimu,

Mniwie radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinaegemea kushoto kama zinatafuta pa kukaa, na najua kuna maneno nimeyakosea. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa taratibu: ukurasa mmoja unaanza na chai ya asubuhi na unakwisha maharage yakiwa yameiva. Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, nilimwambia heri anipe ufagio, huo naujua. Akasema, "Andika hivyo hivyo, Bi Blandina. Wao watachapa." Basi wewe uliyekabidhiwa kuchapa, pole sana.

Sababu ya kuniomba ni siku nilipokuja chuoni kufuatilia karatasi zangu za kustaafu. Nilimkuta msichana mmoja kwenye ngazi za maktaba, ameshika simu, amenuna. Baada ya shikamoo nikamuuliza ana nini. Akanionyesha. Amepangwa na mwanafunzi wa Ujerumani waandae somo moja pamoja, kila mmoja akalifundishe kwao, na huyo Mjerumani kasoma ujumbe wake, siku ya nne hii hajajibu.

"Ana dharau huyu, bibi. Mimi namfuta."

Nikamwambia, "Usimfute. Huenda huko aliko kuna mtu kama mimi."

Hakunielewa. Kwa hiyo acheni nieleze mtu kama mimi ni mtu gani.

Mimi ni Mluguru wa juu kabisa, kule ambako ukitaka kumwita jirani unapaza sauti ng'ambo ya bonde. Ila mimi sikuwa na hiyo sauti. Niliajiriwa hapa kama mhudumu wa ofisi, na aibu yangu ilikuwa imezidi. Nikipeleka chai kwenye kikao niliweka vikombe, kisha nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili nisiwape watu mgongo. Siku moja nilirudi kinyumenyume hivyo hivyo mpaka nikaketi kwenye mapaja ya mkaguzi wa shule. Yeye alisema, "Karibu." Wengine walicheka wiki nzima.

Mmoja tu ndiye hakucheka, Mzee Maganga, karani mkuu wa masjala. Masjala, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni chumba ambacho kila barua inayoingia ofisini na kila inayotoka lazima ipite. Mzee Maganga alimfuata Mkuu wa Chuo akamwambia, "Huyo binti nipe mimi. Majalada hayasemi, na yeye hasemi. Wataelewana."

Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wangu, na hakuniacha nipumzike hata siku moja. Nikichelewa kurudi posta aliniuliza kama nilikuwa nasalimiana na mlima kwanza. Mimi, ambaye kwa watu wengine wote nilikuwa bubu, kwake nilijibu. Utani una ruhusa yake.

"Ninyi mlibeba pembe za ndovu za watu kwa miguu toka Tabora mpaka pwani," nilimwambia siku aliyolalamika kwamba ndoo ya maji ni nzito. "Leo ndoo moja inakushinda?"

"Zile pembe hazikuwa na Mluguru wa kuniangalia."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Barua ikiingia, gonga muhuri, andika tarehe, ipe namba ya folio, yaani ya nafasi yake ndani ya jalada, pembeni juu kulia, kwanza kwa penseli, kisha kwa wino ukishahakikisha. Itoboe, ifunge kwenye jalada lake. Jalada lipeleke kwenye trei ya Mkuu. Mkuu ataandika nani ashughulikie, na hapo ndipo barua itamfikia mwenyewe. Ikitoka ni vivyo hivyo, inapitia kwa mkubwa wa mwandishi, na mkubwa wa mkubwa wake. Usilambe kidole kufungua karatasi. Weka majani ya mwarobaini kabatini, wadudu hawatakula majalada. Na la mwisho, ambalo alilirudia kila Jumatatu: mtu wa masjala hana mdomo. Mtu akija dirishani kuuliza kama barua yake imefika, mwambie ukiitwa utaitwa.

Niliyashika yote. Muda si mrefu nilikuwa na mafaili yanayokaa wima kama askari wa gwaride. Hata sasa ukinipa rundo la karatasi mikono yangu inaanza yenyewe kutafuta tobo.

Halafu zikaja zile nyakati ambazo kila kitu kilifunguliwa. Mwembesongo, hapa Morogoro mjini, palijaa maduka yenye bidhaa ambazo zamani tulizisikia tu, mabasi yakawa ya watu binafsi, simu zikaanza kuuzwa kama karanga. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kiliuzwa, kikafungwa, naye akarudi nyumbani na sare zake mbili na baiskeli. Na chuoni ikaja kompyuta. Moja. Iliwekwa masjala kwa sababu ndiko kulikokuwa na waya wa simu ukiacha ofisi ya Mkuu.

Msicheke, lakini kompyuta ile niliiogopa kuliko nyoka. Mwalimu Ngowi, mkufunzi wa mbinu za kufundisha, Mchaga mwenye miguu mirefu aliyekuwa haketi, ndiye aliyenifundisha. Nilibonyeza kwa vidole viwili, navyo viliulizana kwanza. Lakini mambo mengine niliyagundua mwenyewe, wala hayamo katika kitabu chochote. Wingu likikaa juu ya Uluguru na kuanza kuteremka, chomoa waya wa simu kabla hujachomoa kitu kingine, maana radi ya huku hupita humo. Vumbi litoe kwa brashi ya kupakia rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi. Mashine ya kuchapa ikikataa, funua kifuniko, tazama kama mjusi hajahamia. Na kwa kuwa mtu yeyote akiinua mkono wa simu ya ofisini mtandao ulikatika, nilikuwa nikiufunga ule mkono kwa kitambaa cha kanga, mafundo mawili. Kila mtu chuoni alijua: kanga ikiwa kwenye simu, Bi Blandina anaongea na Ulaya.

Mwalimu Ngowi ndiye aliyeuleta mradi. Wanafunzi wetu kumi na wawili walipangwa wawili wawili na wanafunzi wa ualimu wa Finland. Kila jozi itunge somo moja kwa kuandikiana barua za kompyuta, halafu wetu akalifundishe shule ya msingi hapa mjini na wao wakalifundishe kwao, kisha waambiane lilivyokwenda. Siku hizi mnayo majina makubwa ya jambo hili. Sisi tuliliita Finland. "Unakwenda Finland?" maana yake unakwenda masjala.

Niruke miaka kidogo, maana hili nisiposema sasa nitalisahau. Baadaye sana zilikuja kamera, na wanafunzi wakawa wanaonana usoni. Mara ya kwanza wenzetu wa ng'ambo walifungua kamera wakaanza moja kwa moja: mada ni hii, swali la kwanza ni hili. Wetu wakakaa kimya, wameudhika, kwa sababu hawajaulizwa wameamkaje. Kikao cha pili wetu ndio walioanza: habari za huko, habari za nyumbani, wazazi hawajambo, baridi je, masomo je. Zikaenda dakika kumi na tano na wale wakawa wanatazama saa. Nikamnong'oneza Mwalimu Ngowi kwamba awaambie wote waingie robo saa kabla ya muda, wasalimiane mpaka waridhike, na mada ianze saa iliyoandikwa. Alikubali. Tangu siku ile kila aliyekuja na mradi wa namna hiyo alipewa utaratibu huo, na nasikia na ninyi mnao. Ulitoka kwa mhudumu wa chai.

Turudi kwenye ile kompyuta moja.

Mradi ulianza wakati mbaya kwangu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na habari zilikuwa kwamba orodha ya chuo chetu inaandaliwa. Wa kwanza kuondoka ni wasiofika kidato cha nne. Hapo nilikuwa mimi, mpishi mmoja na mtunza bustani. Mume wangu yuko nyumbani, watoto wanasoma, na mshahara uliobaki ni wangu. Nikajiambia, njia ya kubaki ni moja: nisipatikane na kosa hata dogo. Kila kitu kifuate utaratibu.

Mwalimu Ngowi alikuwa ameniambia kwa haraka, akiwa ameshika mkoba, anakwenda Kisaki kusimamia wanafunzi walioko kwenye mafunzo ya kufundisha: "Bi Blandina, barua za Finland zikija wape wenyewe." Akaondoka wiki tano.

Wape wenyewe. Mimi nilielewa kama mtu wa masjala anavyoelewa. Barua ya kwanza ilipokuja kutoka kwa msichana aitwaye Hanna, kwenda kwa mwanafunzi wetu Zuhura, niliichapa kwenye karatasi. Nikaigonga muhuri. Nikafungua jalada jipya, nikaandika juu kwa wino: HANNA WA FINLAND. Folio namba moja. Nikaipeleka kwenye trei ya Mkuu ili aandike nani ashughulikie. Zuhura alipoleta jibu lake kwa mkono, nalo nikaliweka folio namba mbili, kupitia kwa Mkuu, maana Mwalimu Ngowi hakuwepo.

Wiki ya kwanza Mkuu alikuwepo, akatia saini haraka, barua zikaenda na kurudi. Nilijiona hodari. Kisha Mkuu akaitwa Dodoma kwenye vikao, na aliyekaimu alikuwa mtu mwema asiyetaka matatizo. Barua yoyote yenye jina la nchi ya nje aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Hii imsubiri mwenyewe," alisema.

Zikasubiri. Za kuingia zikasubiri, na za kutoka zikasubiri. Nami nilikuwa nazipanga, nazipa namba, nazifunga vizuri. Majalada kumi na mawili, kila moja na Mfini wake.

Zuhura alikuja dirishani kila siku saa nne. Alikuwa binti wa Mlali, mtoto wa mkulima wa nyanya, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na somo kichwani kuhusu kupima kwa kutumia debe na kopo.

"Shikamoo, Bi Blandina. Changu hakipo?"

"Marahaba. Ukiitwa utaitwa."

"Sema tu kama kipo au hakipo, mama. Nisije nikamchukia bure Mzungu wa watu."

"Ukiitwa utaitwa, mwanangu."

Nami nilikuwa nimeketi na barua tatu za Hanna nyuma ya mgongo wangu. Katika ya tatu, kwa Kiingereza changu cha kamusi, nilielewa kwamba Hanna anauliza kama Zuhura anaumwa. Nilisikitika. Lakini nikagonga muhuri.

Mwalimu Ngowi alirudi toka Kisaki Jumanne, mwekundu kwa vumbi. Siku hiyo hiyo ikaingia barua ya mwalimu wa Finland. Hii kaimu aliipitisha upesi, kwa sababu ilikuwa malalamiko, na malalamiko alipenda yashuke kwa mwingine. Ilisema wanafunzi wa Morogoro hawajibu tangu mwezi jana, wa kwake wamekata tamaa, na asipopata neno mpaka Ijumaa jioni atawatafutia wenzi nchi nyingine.

Jumatano Mwalimu Ngowi aliwakusanya wale kumi na wawili darasani. Nilikuwa napita na birika.

"Mmenitia aibu," alikuwa akisema. "Mtu anakuandikia mara tatu, mara nne, unamnyamazia? Ndio ualimu huo? Zuhura, wewe ndiye niliyekutegemea."

"Mwalimu, sisi ndio hatujibiwi."

"Usinidanganye."

"Haki ya Mungu, mwalimu. Nimemwandikia mpaka wino umeisha. Muulize Bi Blandina, kila siku niko dirishani."

"Bi Blandina ana kazi nyingi kuliko kusingiziwa na wewe."

Birika lilikuwa la moto na sikulisikia. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilielewa pia kwamba mtu mmoja tu anaweza kuwasafisha wale watoto, na akifanya hivyo anajipeleka mwenyewe kwenye orodha.

Kusema sikuweza. Nilijaribu kumwendea alipotoka darasani, akanipa kikombe kitupu akidhani nimefuata vyombo. Nikakipokea.

Kwa hiyo niliandika. Nilikaa mchana mzima. Niliandika kwamba barua zote ziko masjala, za kwao na za kwetu, kwamba wanafunzi hawana kosa, kosa ni langu, nilidhani ndio utaratibu. Nikaweka jina na sahihi. Halafu, wanangu, mimi niliyekuwa nimeona kwa macho yangu jinsi barua zinavyokwama, nikaandika juu yake: Kwa Mkuu wa Chuo, kupitia kwa Karani Mkuu wa Masjala. Nikaipeleka kwenye meza ya Mzee Maganga.

Aliisoma mara mbili. Hakunitania. Aliandika mistari miwili chini yake kwa kalamu yake ya wino, akaifunga kwenye jalada langu la utumishi, akaiweka kwenye trei ya Mkuu, juu ya nyingine zote. Mimi nikaenda nyumbani nimepumua. Nilimwambia mume wangu nimeshasema ukweli.

Alhamisi nzima sikuona kitu. Mwalimu Ngowi alipita, hakuniangalia kwa namna yoyote ya ajabu. Wale wanafunzi walipita wameinamisha vichwa. Saa nne Zuhura hakuja dirishani.

Jioni ndipo Mzee Maganga aliponiita. "Mluguru, Mkuu anarudi lini?"

"Jumatatu."

"Na Finland wanafunga lini?"

"Kesho."

"Basi ile barua yako nzuri sana," akasema. "Itafika Jumatatu, ina muhuri, ina folio. Watoto watakuwa wameshazikwa."

Nilianza kunyoosha majalada ambayo yalikuwa yamekwisha nyooka.

"Mimi nilikufundisha mtu wa masjala hana mdomo," akaendelea. "Sikusema mtu wa masjala akienda nyumbani auache mdomo humu humu. Ngowi anaanza kipindi saa mbili asubuhi. Miguu unayo."

"Nitakufa pale mlangoni, mzee."

"Utakufa ukiwa umesema. Sisi tutakuzika mlimani, huko kwenu, tutakubeba. Umesema mwenyewe tumezoea mizigo."

Ijumaa nilivaa gauni langu la kanisani. Nilisimama mlangoni pa darasa, watu arobaini wakageuka. Mwalimu Ngowi alikuwa na chaki mkononi.

"Karibu, Bi Blandina. Kuna barua?"

"Kuna," nikasema.

"Ilete."

"Ziko thelathini na moja."

Akaniangalia. Nilitazama ncha ya kiatu changu na kusema yote, bila kuvuta pumzi, kama mtu anayevuka mto na kuogopa kusimama katikati. Nilisema barua za Hanna ziko kabatini. Nilisema za Zuhura ziko kabatini. Nilisema nimemwambia kila siku ukiitwa utaitwa. Nilipomaliza, nyuma kabisa mvulana mmoja akasema, "Kwa hiyo Wafini wako kwenye kabati letu?" na darasa zima likaangua kicheko. Hata Zuhura, ambaye alikuwa ameanza kulia. Hata mimi, naona aibu kusema.

Mwalimu Ngowi hakucheka. Alitembea mbele yangu mpaka masjala, miguu yake hatua moja mimi tatu, akafungua kabati. Akatoa jalada la Hanna. Akaligeuza karatasi moja moja: muhuri, tarehe, folio, vimepangana. Akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi.

"Bi Blandina," akasema polepole, "hili ni jalada safi kuliko yote niliyowahi kuona chuo hiki. Na limeniua."

Halafu akasimama, akafunga kanga kwenye simu mwenyewe.

Siku ile tulifanya kazi. Wale kumi na wawili walijipanga foleni toka mlangoni mpaka kwenye mnazi wa uani, kila mmoja na barua zake, zile za kabatini na mpya za kueleza. Nilibonyeza kwa vidole viwili mpaka Zuhura akaniambia, "Mama, niachie kiti, jua linazama," akaandika yeye. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu adhuhuri na nilikuwa nalitazama kwa dirisha, mkono kwenye waya. Lilituvumilia. Barua ya mwisho ilitoka saa kumi na moja na nusu. Mwalimu Ngowi aliambatanisha na ya kwangu, niliyoitunga kwa Kiswahili naye akaitafsiri, na orodha ya folio zote: imeingia lini, imekwama wapi.

Jumatatu majibu yalikuja mengi mpaka karatasi zikaisha. Yule mwalimu wa kule alisema wamecheka na pia wamejifunza, maana kwao nako kuna fomu za ofisi ambazo hakuna anayejua huwa zinakwenda wapi. Na Hanna alimwandikia Zuhura hivi: achana na debe, tufundishe hili.

Wakatunga somo la safari ya barua kwa watoto wa darasa la nne. Nilikwenda kulitazama shuleni Mwembesongo, nimekaa dawati la nyuma. Zuhura alipanga maboksi ya viatu kama trei, mtoto mmoja Mkuu, mwingine kaimu, mwingine masjala, na barua ilipaswa kutoka kwa Juma mpaka kwa rafiki yake upande wa pili wa darasa. Yule mtoto aliyekuwa kaimu alikuwa na kipaji, alisukuma kila barua kwa kidole kimoja. Wenzake walimpigia kelele apitishe. Kisha Zuhura akawauliza: barua ya Juma haijafika, je, rafiki yake ana haki ya kumkasirikia Juma? Wakabishana mpaka kengele ikapigwa. Hanna alifundisha hivyo hivyo kwao, akaandika kwamba watoto wa kule nao walimchukia kaimu.

Nimewahi kukaa kwenye semina nyingi nikigawa chai, nikasikia maneno mengi kuhusu kuelewana na watu wa nchi nyingine. Mimi ninalo moja la kazini. Mwenzako akinyamaza, kabla hujamhukumu, muulize barua yako inapitia mikono ya nani. Jiulize na wewe mwenyewe zako zinapitia wapi.

Sasa ile orodha. Mkuu alirudi Jumatatu ile ile, na Jumatano trei yake ilirudi masjala ili nihifadhi. Nilifungua jalada langu. Barua yangu ilikuwa folio namba tisa. Chini yake, kwa wino wa Mzee Maganga, palikuwa na ile mistari miwili ambayo sikuwa nimeisoma, kwa sababu mtu wa masjala hasomi maoni ya mkubwa wake: "Utaratibu aliufundishwa na mimi, na ameufuata sawasawa. Kama nafasi moja ya masjala inapunguzwa, naomba iwe yangu. Nimeshatumikia vya kutosha na nyuki wangu wa Tabora hawana mtu." Na chini ya hiyo, kwa kalamu nyekundu ya Mkuu: "Nimekubali. Bi Blandina abaki, ashike kompyuta. Barua za wanafunzi zisiletwe kwangu tena."

Nilikwenda kwenye meza yake. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi, anapiga mluzi.

"Mzee, kwa nini?"

"Usinililie hapa, utalowesha majalada. Mimi miaka yangu ilibaki miwili tu, na ile kompyuta inanitazama vibaya. Niseme nini, kwamba nimekuhurumia? Nimechoka na sauti yako tu. Tangu Ijumaa unaongea sana."

Alipanda treni ya Tabora mwisho wa mwezi. Kwa miaka yote aliyobaki nayo duniani aliniletea asali kwa mkono wa mtu yeyote aliyekuwa anakuja Morogoro, na ndani ya kifurushi kulikuwa na karatasi moja, haina muhuri wala namba, imeandikwa tu: Umeipata? Nami nilimjibu siku hiyo hiyo.

Basi na mimi nawaomba jibu. Nileteeni barua, ya karatasi au hata ya kuchapa, iacheni kwa mlinzi wa getini. Mimi hupita Jumanne nikienda sokoni. Nielezeni mnatunga somo gani na mwenzenu wa wapi. Na kama kuna jambo umelikosea na unaogopa kumwambia mwalimu wako, niandikie mimi kwanza, iwe mazoezi. Nitaisoma taratibu, nitakujibu, halafu utavaa nguo yako nzuri uende ukamwambie kwa mdomo.